Simba, Baiskeli na Bei ya Sabuni

Liko bango la zamani la baiskeli za Raleigh, lililotengenezwa kwa ajili ya wateja wa Afrika: mtu anakanyaga pedeli huku simba akimfukuza. Waonyeshe watoto wa darasa la nne, watacheka. Simba ni chumvi ya muuzaji, hilo hawahitaji kuambiwa. Waulize basi mpandaji amebeba nini. Hana kitu! Lakini baiskeli ya babu ilibeba gunia la mkaa, mkungu wa ndizi, debe la maji, hata mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Muuzaji aliyaacha hayo yote, maana jasho halivutii wateja.

Tangazo la zamani si picha ya nyumba ilivyokuwa. Ni picha ya nyumba ambayo mwenye bidhaa alitaka watu waitamani. Kwa hiyo mimi huwashauri walimu hivi: kinachopigiwa debe kitiliwe shaka, kinachotajwa kwa kupita ndicho kichunguzwe.

Chukua matangazo ya redio za transista ya miaka ya 1960. Sifa zilikuwa za sauti na umbo, lakini neno dogo la kuchunguza ni betri. Nyumba nyingi hazikuwa na umeme. Hapo watoto wapewe swali la kwenda nalo nyumbani: betri zikiisha nguvu, mlifanyaje? Bibi atawaeleza jinsi zilivyoanikwa juani ili zifike angalau taarifa ya habari ya jioni. Na wamuulize pia nani alikuwa na ruhusa ya kugusa kitufe. Jibu la hilo linafundisha mengi kuhusu familia kuliko tangazo lenyewe.

Bei nazo zina kazi yake. Mtoto akikuta "Shs. 3/50" kwenye tangazo la sabuni atadhani ni hesabu ya sehemu, kumbe ni shilingi tatu na senti hamsini. Akishaelewa, atasema zamani maisha yalikuwa rahisi. Usimwache hapo. Mtafutie tangazo la kazi la miaka hiyohiyo lililotaja mshahara, apige hesabu sabuni ile ilimgharimu kibarua kazi ya muda gani.

Gazeti lenyewe nalo lisisahaulike. Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923, Baraza likaanza Nairobi mwaka 1939, yote kwa Kiswahili. Weka kurasa zake kando ya gazeti la Kiingereza lililosomwa na walowezi mwaka uleule, watoto walinganishe nani anauziwa nini. Kisha waulize: katika jiko la mlowezi, nani alipika? Mpishi huyo hakuwa mteja, hivyo usitegemee kumkuta akizungumzishwa na tangazo.

Yapo pia matangazo machungu, kama yale ya krimu za kung'arisha ngozi. Nisingeyaficha, ila ningeyaacha hadi madarasa ya juu, ambako watoto wanaweza kuuliza nani aliwaambia watu kwamba rangi yao ina kasoro.

Kama una magazeti ya zamani kabatini, usimpe muuza karanga ayafungie bidhaa. Piga picha ukurasa mzima, si tangazo peke yake, na uandike jina la gazeti na tarehe. Bila tarehe, mwalimu hawezi kulitumia.