Grisi ya jeshi haihitaji petroli, inahitaji maji ya moto

Asubuhi za Juni hapa Chanji unaona pumzi yako ikitoka kama moshi. Asubuhi moja ya namna hiyo nilimkuta fundi wa jirani amechuchumaa mbele ya dumu lililokatwa. Ndani ya dumu kuna petroli, mkononi ana brashi, anasugua gia ya Land Rover iliyogandiwa na grisi ya kahawia, ngumu kama nta. Hatua nne pembeni yake, chai inachemka kwenye jiko la mkaa.

"Shikamoo mzee. Hiyo petroli na hilo jiko, vipi?"

"Marahaba mwanangu. Jiko liko mbali. Na hii kitu bila petroli haitoki."

Siku hiyo hakikutokea kitu. Moto uliruka wiki ya pili, ukamchoma mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko. Amepona, ila vidole viwili bado havikunji sawasawa, na kwa fundi hilo si jambo dogo.

Tuanze na hiyo grisi yenyewe. Jeshi la Uingereza lilitumia Land Rover kwa miongo mingi, na spea za akiba ambazo halizihitaji tena huuzwa. Ndiyo maana unaweza kufungua boksi lenye gia ya miaka arobaini ambayo haijawahi kufungwa kwenye gari. Ili isishike kutu stoo, ilipakwa mafuta mazito yatokanayo na petroli ghafi. Chapa inayojulikana zaidi duniani ni Cosmoline ya Marekani, ambayo mwanzoni ilitengenezwa kama mafuta ya kupaka ngozi! Kwa hiyo usishangae nikikuambia kwamba ni ndugu wa mafuta ya mgando unayojipaka baada ya kuoga.

Chuma hupata kutu kikikutana na maji na oksijeni kwa pamoja. Grisi hii huziba njia ya vyote viwili. Ni mchanganyiko wa minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni, mingine laini kama oili, mingine migumu kama nta. Kadiri miaka inavyopita, sehemu nyepesi huvukiza na nta hubaki. Hapo ndipo inapogeuka gamba linalomchosha fundi, hasa kwenye baridi yetu ya Ufipa.

Petroli huitoa kwa sababu nayo ni hidrokaboni, ila yenye minyororo mifupi. Vitu vya ukoo mmoja huyeyushana, wakati maji baridi, ambayo si wa ukoo huo, yanateleza tu juu yake. Mpaka hapo fundi alikuwa sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye nyuzijoto 40 chini ya sifuri, kwa hiyo baridi ya Sumbawanga haikulindi hata kidogo. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupandi juu ukapotea. Unatambaa sakafuni kimyakimya hadi unapolikuta jiko, kisha moto unarudi kwa njia ileile hadi kwenye dumu, na kwenye mkono uliomo.

Sasa angalia namba nyingine. Cosmoline huanza kulainika na kuyeyuka kati ya nyuzijoto 45 na 52 hivi. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu ya mgandamizo mdogo wa hewa maji yetu huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100. Maharage yanajua shida hiyo! Lakini kwa grisi, 94 ni nyingi na zinabaki.

Kwa hiyo: nusu pipa, maji hadi theluthi mbili, kuni chini. Usijaze pomoni, maana grisi ikimwagika kwenye moto itawaka. Ng'oa kwanza raba na oili sili zote, kisha ning'iniza gia kwa waya ndani ya maji yanayochemka taratibu. Grisi itayeyuka, na kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, itapanda juu. Hapa wengi hukosea: wanaivuta gia moja kwa moja, inapita kwenye lile tabaka la juu na kujipaka upya. Engua grisi kwanza kwa kopo, ndipo utoe chuma. Utando unaobaki utaondoka kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Molekuli ya sabuni ina upande mmoja unaopenda mafuta na mwingine unaopenda maji, kwa hiyo hushika mabaki na kuondoka nayo.

Kuna wanaoongeza kostiki soda ili kazi iende haraka. Kwenye chuma inafanya kazi, ila boksi la gia la Land Rover ni la aluminiamu, na kostiki huila aluminiamu huku ikitoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Yaani unakimbia moto mmoja unaufuata mwingine.

Gia ikitoka ya moto hujikausha yenyewe. Ipake oili ingali vuguvugu, maana chuma kitupu chenye unyevu huanza kutu ndani ya saa chache. Kwa vijitundu ambavyo maji hayakufika, tumia mafuta ya taa kidogo na brashi, nje, mbali na moto wowote.

Ile grisi uliyoengua usiimwage mtaroni. Maji ya upande wa mashariki wa Ufipa hushuka Lyamba lya Mfipa hadi Ziwa Rukwa, na ziwa hilo halina mto unaotoka. Kinachoingia kinabaki humo.

Fundi wetu anaihifadhi kwenye kopo la rangi. Majirani wenye maksai huja kuomba kidogo baada ya kulima, wakapaka midomo ya plau zao na kuziweka stoo hadi mvua za Novemba. Jiko la chai amelihamishia upande wa pili wa ua.