Kanuni za Matumizi ya Kompyuta Shuleni

Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Leo hali ni tofauti kabisa. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu, na mwanachuo aendaye kufanya mazoezi ya kufundisha Rungwe au Kilolo huenda akakuta kumbukumbu za wanafunzi zimehifadhiwa ndani ya chombo cha namna hiyo. Swali si tena kama kompyuta itumike shuleni, bali itumikeje kwa haki.

Aghalabu kanuni za ofisini huwa ni orodha ya makatazo: usicheze michezo, usitazame sinema. Makatazo hayo yafaa, lakini hayagusi kiini. Kiini ni kwamba taarifa za wanafunzi si mali ya mwalimu. Ni amana aliyokabidhiwa na watoto na wazazi wao. Kutokana na msingi huo twapata kanuni nne.

Kwanza, siri. Tuchukue mfano wa mwalimu aliyeandika katika mahudhurio kwamba mtoto fulani hukosa siku moja kila mwezi ili kwenda kliniki. Picha ya ukurasa huo ikitumwa katika kundi la WhatsApp la wazazi, kijiji kizima kitajua kabla ya jua kutua, na mtoto ndiye atakayenyoshewa kidole. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeziweka taarifa zihusuzo watoto katika kundi la taarifa nyeti.

Pili, uwajibikaji. Kila mtumiaji awe na neno lake la siri. Alama zikibadilishwa kwa neno lijulikanalo na watu watano, asiye na hatia huweza kubeba lawama. Tena Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini.

Tatu, ukweli. Mahudhurio yasijazwe kwa kukisia. Kosa lililomo katika kompyuta husafiri hadi wilayani na wizarani, likachukuliwa kuwa kweli.

Nne, usawa. Kanuni imbane mwalimu mkuu kama inavyombana mwalimu mgeni. Iwapo kompyuta zitakaguliwa, walimu waelezwe mapema kitakachokaguliwa na sababu yake, kwani ukaguzi wa kificho huzaa chuki.

Katika kulifundisha somo hili, mkufunzi asiwasomee wanachuo kanuni zilizokwisha andikwa. Awagawe katika makundi ya watu wanne, awape tukio kama lile la kliniki, kisha kila kundi liandike kanuni moja pamoja na sababu yake. Kanuni isiyo na sababu ifutwe ubaoni. Mwalimu aliyeielewa sababu ataifuata kanuni hata akiwa peke yake ofisini, mlango umefungwa.