Gazi Karboniki: Inatoka Kiwandani ao Porini?

Wafanyakazi wengi, wakiona moshi juu ya shemini ya kiwanda, wanasema: « Ni huo unaoleta joto duniani. » Tuelewe vizuri.

Moshi si wa namna moja. Gazi ya salfa, inayotoka katika mawe ya shaba wakati wa kuyayusha, inaunguza kifua na majani ya karibu. Gazi karboniki haina rangi wala harufu. Inatoka penye kuungua makaa ya mawe, mazutu ao miti, na ndiyo inayoongeza joto la dunia.

Kila inchi ina namna yake. Afrika ya Kusini inapata sehemu kubwa ya umeme wake kwa makaa ya mawe, zaidi katika jimbo la Mpumalanga. Kwetu Kongo, umeme karibu wote unatoka kwa nguvu ya maji. Mwanzoni, tangu 1911, tanuru za Lubumbashi zilitumia koke iliyoletwa kwa treni kutoka Wankie. Kisha ikaja barage ya Mwadingusha mwaka 1930, na laini ya Inga mwaka 1982, kilometa karibu 1 700. Lakini umeme ukikosekana, kampuni zinawasha mashini za mazutu. Litre 1 ya mazutu inatoa zaidi ya kilo 2 na nusu za gazi hiyo.

Basi sehemu kubwa ya gazi karboniki ya Kongo inatoka wapi? Inatoka porini, penye kukatwa na kuchomwa miti kwa ajili ya mashamba na makala. Kandokando ya Lubumbashi, miombo inazidi kurudi nyuma. Kilo 1 ya makala inaomba kilo 5 za miti ao zaidi.

Makala hayo yanafika mpaka nyumbani kwetu. Kwa hiyo, ndugu mfanyakazi:

1. Funika sufuria, na uzime makala chakula kikiiva.
2. Usilale na mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa. Inatoa okside ya karboni, gazi isiyo na harufu, inayoua watu usingizini.
3. Panda miti katika parseli yako.

Pori ikiisha, mvua inasukuma udongo mpaka mitoni, udongo unajaza barage, umeme unapunguka. Hapo mashini za mazutu zitawashwa tena.