Ng'ombe wa Sita wa Moding

Kazi yangu ni kutafuta nasaba za watu. Wako wanaocheka wasikiapo kwamba mtu mzima aweza kupata riziki yake kwa kuuliza nani alimzaa nani. Lakini sisi watu wa Pwani twajua kuwa mirathi haigawiki wala ndoa haifungwi mpaka ijulikane nani ni nani. Mimi nilianza kwa kunakili shajara ya ukoo wetu, karatasi iliyokwisha kuliwa na mchwa. Jirani akaniomba ya kwao, kisha wenye kesi kwa Kadhi wakaanza kunijia.

Shajara zetu zina aibu moja. Hufika Hadhramaut bila ya kukwama, lakini hukwama Voi. Babu zetu waliokwenda bara kwa misafara, na baadaye kwa gari la moshi, wameandikwa kana kwamba huko hawakuoa wala hawakuzaa.

Mwaka juzi aliniita bibi mmoja wa Mombasa. Marehemu baba yake alikuwa fundi katika reli ya Uganda, ile iliyofika Kampala mwaka 1931. Nyumbani kulikuwa na mnong'ono kwamba alioa Mteso upande wa Malaba, na mama yake bibi hakutaka hata kuusikia.

"Mwanangu," akaniambia, "nimekwisha pita themanini. Nitafutie ndugu yangu kabla sijaondoka."

Nilianza Nairobi, katika nyaraka za taifa. Sikupata kitu, wala haikuwa ajabu. Serikali ya kikoloni ilimjua mwanamume kwa kipande chake. Mkewe wa kijijini haikuwa na haja naye. Basi nikapanda basi mpaka Malaba, na kutoka hapo bodaboda (neno lenyewe lilizaliwa huko huko mpakani) hadi Moding. Kabla ya mwaka 1902 nchi hiyo ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Mpaka ukasogezwa, Wateso wakagawanyika, na ukitafuta ukoo mmoja yakupasa kuuliza pande zote mbili.

Nilikaribishwa chini ya mwembe, nikatoa picha. Ilipita mikono mingi kabla mzee mmoja hajasema, "Huyu ndiye mtu wa reli."

Nikauliza swali langu la kazi: je, palikuwa na nikaha? Maana kwa sheria yetu mtoto wa nje ya ndoa hunasibishwa na mama yake. Mzee naye akataka kujua kama nimekuja kwa habari ya ng'ombe. Akanieleza kwamba kwao mahari yasipotolewa, mtoto ni wa ukoo wa mama. Kumbe swali letu lilikuwa moja!

Walipatana ng'ombe sita, akasema, na watano walifika. Mke alipelekwa Mumias, mji wenye Waislamu tangu enzi za misafara, akarudi na jina la Kiislamu. Kisha mume akahamishwa, asionekane tena. Mtoto wa kiume akalelewa na wajomba zake, akabatizwa, akafa mwaka 1994. Lakini jina la pili alilopewa na mamake lilikuwa la babu yake bibi, mzaa baba, jina la Mombasa ambalo pale kijijini hakuna mwingine aliyekuwa nalo.

Nikaha hiyo sina cheti chake wala shahidi aliye hai. Niliandika "yasemekana", na hapo ndipo wenzangu wengi huteleza: mteja akilia, humwongezea kidogo. Habari ya mirathi nilimwachia Kadhi. Asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu, ingawa wasia waweza kumfikia katika theluthi ya mali.

Niliporudi nilimsomea bibi majina ya wajukuu wa nduguye, 11 kwa jumla. Wanawe waliokuwa barazani walikwisha anza kunung'unika juu ya nyumba: watu wa bara watakuja kudai, na mimi ndiye niliyewaonyesha njia. Bibi hakuwajibu. Alinitaka nisome tena, polepole, naye akawa anarudia kila jina mpaka ulimi ukalizoea.

Kisha akauliza, "Huyo ng'ombe wa sita, walipatana awe dume au jike?"

"Jike," nikamwambia.

"Basi kaniulizie bei yake."