Usitoe waya wa batri mota ikizunguka!

Shofere, taa nyekundu ya batri inawaka katika kamioneti yako ya zamani? Wengine wanatoa waya wa batri mota ikizunguka, eti wanapima alternateri. Acha! Cheche moja inatosha kuwasha gesi ya batri: inapasuka, na asidi inaruka machoni.

Fanya hivi. Zima mota. Angalia mkanda: umelegea au umekatika? Toa kwanza waya wenye alama –, ndipo usugue vichwa vya batri. Rudisha waya, washa mota, pima kwa voltimetre. Volti 13,8 mpaka 14,4 ni vizuri. Ikibaki 12, alternateri haichaji: peleka gari garaji.

Asidi ikiingia jichoni, osha mara moja kwa maji mengi, dakika 15 au zaidi, kisha nenda dispanseri.

Batri inanunuliwa, jicho halinunuliwi.