Mashimo Meusi na Amana ya Elimu

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu zetu wapenzi, baadhi ya wazazi wametuletea ujumbe unaozunguka katika simu za jamaa zetu. Ujumbe huo wadai kwamba mashimo meusi ya angani ndiyo hasa al-khunnas yaliyotajwa katika Sura ya At-Takwir, na kwamba asiyekubali hayo imani yake ina upungufu. Wazazi wauliza: je, tuwafundishe watoto hivyo? Twaona ni vyema tulijue kwanza jambo lenyewe, ndipo tulitolee kauli.

Shimo jeusi si shimo mfano wa kisima. Ni maada nyingi mno iliyobanwa mahali padogo mno, hata mvutano wake usiachie kitu kutoka, ijapokuwa nuru. Lau jua letu lingebanwa likawa tufe lenye upana wa kilomita 6 hivi, lingekuwa shimo jeusi. Msingi wa elimu hii ni nadharia ya jumla ya relativiti, aliyoikamilisha Albert Einstein mnamo Novemba 1915. Alieleza kwamba kitu kizito hupinda mahali na wakati, na kwamba karibu nacho wakati hupita polepole zaidi. Hilo si la vitabuni tu. Saa zilizomo katika setilaiti zinazoiwezesha simu kutuonyesha Qibla, au kumrudisha nahodha bandarini, hutangulia saa zetu kwa takriban sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Zisiporekebishwa, mahali tunapoonyeshwa pangekosewa kwa kilomita kadhaa kabla siku haijaisha.

Katika habari hii pwani yetu nayo ina fungu lake. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, Waitaliano waliirusha setilaiti ya Marekani kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kupima anga kwa miale ya eksirei. Miongoni mwa ilivyovichunguza ni Cygnus X-1, kilichomo katika kundi la nyota ambalo Waarabu waliliita Ad-Dajaja, yaani Kuku. Miale yake ilibadilika kwa kasi mno, na kwa uchunguzi uliofuata kikawa miongoni mwa vitu vya kwanza kukubaliwa na wataalamu kuwa ni shimo jeusi.

Utafiti haukukomea hapo. Tarehe 14 Septemba 2015, mitambo ya LIGO nchini Marekani ilinasa mawimbi ya mvutano yaliyotoka kwa mashimo meusi mawili yaliyogongana na kuungana. Mwaka 2019 ilitolewa picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi, lililo katika kundi la nyota la M87. Na mawimbi yaliyonaswa tarehe 14 Januari 2025 yalikuwa safi kuliko yote ya awali, yakaunga mkono kauli ya Stephen Hawking ya mwaka 1971: mashimo meusi yakiungana, eneo la uso wake halipungui.

Sasa turejee kwenye swali. Imam At-Tabari amenakili kauli za waliotutangulia kuhusu al-khunnas. Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Ali kwamba ni nyota, na kutoka kwa Ibn Mas'ud kwamba ni ng'ombe wa mwituni. Masahaba hao walikhitalifiana, wala hakuna aliyemtia mwenzake ila katika imani yake. Sisi ni nani basi, hata tumhukumu jirani kwa ujumbe wa simu?

Tena elimu ya wanadamu hurekebishwa. Uzito wa Cygnus X-1 ulikadiriwa kuwa kama majua 15. Mwaka 2021 vipimo bora vikaonyesha 21. Huo si upungufu kwa watafiti, bali ni uaminifu wao. Lakini tukiifunga aya kwa hesabu ya leo, kisha hesabu ikabadilika kesho, mtoto tuliyemfundisha atadhani ni aya iliyokosea, na dhambi ya shaka hiyo tutakuwa nayo sisi.

Kwa hivyo twawanasihi wazazi: msiusambaze ujumbe huo. Wafundisheni watoto tafsiri kwa wanavyuoni wake, na fizikia kwa walimu wake. Na usiku usio na mbalamwezi watoeni uani, muwaonyeshe nyota ing'aayo ya Deneb, ambayo jina lake latokana na Kiarabu, mkia wa kuku, kisha mwaambie kuwa safari ya kulijua shimo jeusi lililo upande huo ilipitia Ngomeni. Watamtukuza Muumba pasi na kuongezewa neno lisilothibiti.

Wallahu a'lam.