Sewa Haji na Daftari la Misafara ya Bagamoyo

Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) kabla ya kupewa utume alisafiri na misafara kwenda Sham, akichuuza mali ya Bibi Khadija (R.A.) na kuirejesha salama pamoja na faida yake.

Ndugu zetu wa Makurunge na vijiji vya jirani waendapo Bagamoyo mjini kwa mahitaji yao, hupita Mtaa wa India, penye nyumba kongwe za mawe na milango ya nakshi. Wengi wetu tumezizoea kama magofu ya kutazamwa na watalii. Katika karne ya 19 humo ndimo yalimokuwa maduka, maghala na afisi za wafanyabiashara walioendesha misafara ya kwenda Tabora na Ujiji, na biashara yao kubwa ilisimama juu ya mkopo.

Mkuu wa msafara aghalabu hakuwa na mtaji. Alikabidhiwa merikani, kaniki, shanga na masango kwa mali kauli, akaenda bara, na huenda ikapita miaka miwili au mitatu ndipo arudi na pembe za ndovu kulipa deni. Bei ya mkopo ilizidi sana ile ya taslimu. Wanazuoni wengi wameruhusu bei ya namna hiyo maadamu imekatwa siku ya mapatano. Lakini kumwongezea mdaiwa deni kwa sababu amechelewa ni riba, wala haina jina jingine. Ikumbukwe kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu jambo hili hili: deni liandikwe, mwandishi awe muadilifu, na mashahidi wawepo.

Aliyetajirika kuliko wengi mjini hapo ni Sewa Haji Paroo, Muislamu wa madhehebu ya Ismailia, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1851. Kazi yake ilikuwa kuwapatia wasafiri bidhaa na wapagazi. Mwaka 1871, alipokuwa kijana wa miaka 20, alimhudumia Henry Morton Stanley aliyekuwa akienda kumtafuta Livingstone. Katika kitabu chake Stanley alimlalamikia vikali, akimwona mjanja wa hesabu. Sisi hatumchukui Stanley kuwa shahidi wa kuaminika juu ya watu wa pwani; hata hivyo tuhuma ile imeandikwa, na anayemsifu Sewa Haji hana budi kuijua.

Na wapagazi je? Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliolipwa ujira wa nguo, kila mmoja akijitwika kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na sufuria yake na mkeka wake. Wala tusifiche kwamba pembe nyingine zilibebwa na watumwa, na kwamba baadhi ya wenye mali hizo walikuwa Waislamu waliosali katika misikiti yetu. Mtume (S.A.W.) ameamrisha mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Tunapowasimulia watoto wetu utajiri wa Bagamoyo, tuanze na mabega yale.

Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilishika forodha za pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar. Watu wa pwani wakainuka wakiongozwa na Abushiri bin Salim al-Harthi, ambaye alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka 1891 makao makuu ya serikali ya Wajerumani yakahamishiwa Dar es Salaam.

Chini ya serikali hiyo Sewa Haji aliendelea na biashara, na hapo ndipo mkono wake ulipokunjuka. Alijenga shule Bagamoyo, ambayo mwaka wake hutajwa kuwa 1896, kwa sharti ipokee watoto wa rangi zote. Jambo hilo halikuwa jepesi zama zile. Wakoloni waliendelea kwa miongo mingi kuwatenga watoto kwa rangi. Tena akatoa fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam. Alifariki Februari 1897, akiwa ameacha wasia kuwanufaisha wagonjwa.

Biashara yake ilishikwa na Allidina Visram, aliyekuwa ameingia kwake kama kijana wa kazi kutoka Kutch. Huyu alitazama reli inakoelekea. Akafungua maduka Kampala na miji mingine ya Uganda na Kenya, hadi kifo chake mwaka 1916. Reli ya Kati nayo ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mzigo uliokuwa ukishukia Bagamoyo ukakatika.

Hospitali ya Sewa Haji nayo ilikuja kurithiwa na Hospitali ya Princess Margaret, iliyofunguliwa mwaka 1956 na ambayo baadaye ikawa Muhimbili. Humo jengo moja la wodi limepewa jina la Sewahaji. Familia zinazotoka Bagamoyo kumuuguza mtu wao hulitamka jina hilo mapokezini, na wengi hudhani ni jina la daktari.